Naogopa kung'olewa gego: nichague ganzi, dawa ya kutuliza au nusu kaputi?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina umri wa miaka 34, nimeolewa na nina watoto wawili, wa mwisho akiwa na miezi minane na bado ananyonya. Nakuandikia kwa sababu zimebaki wiki tatu kufika siku niliyopangiwa kung'olewa magego mawili ya mwisho ya taya la chini, na kila nikiikumbuka siku hiyo usingizi unaniruka.

Gego la kushoto limenisumbua tangu mwaka jana. Limelala kiubavu, limechomoza ncha tu, na ufizi uliolifunika umevimba mara tatu. Mara ya mwisho nilishindwa kufungua kinywa zaidi ya upana wa kidole kimoja, nikafundisha siku mbili kwa kuandika ubaoni na kuwaonyesha wanafunzi kwa fimbo. Nilipewa antibiotiki na uvimbe ukashuka. Picha ya eksirei ya taya zima ilionyesha kwamba la kulia nalo limelala vivyo hivyo, ingawa halijawahi kuniuma hata siku moja, na daktari akashauri yatolewe yote mawili. Akanieleza kwamba kuna njia tatu: sindano ya ganzi peke yake, ganzi pamoja na dawa ya kutuliza inayopitishwa kwenye mshipa wa mkono, au nusu kaputi katika chumba cha upasuaji. Akaniambia nikafikirie, kisha nirudi na jibu.

Tatizo langu ni kwamba nilipokuwa na miaka 11 bibi alinipeleka kung'oa jino nikiwa na jipu lililovimbisha shavu zima. Nilichomwa sindano, na kabla sijafuta machozi ya sindano koleo lilikuwa limeshaingia kinywani. Mhudumu alinishika kichwa, bibi akanishika miguu. Nilisikia kila kitu, Daktari. Nilipopiga kelele niliambiwa ninadeka, kwa kuwa ganzi imeshaingia. Hadi leo nikipita mahali panaponuka dawa ya hospitali naisikia ladha ya chuma cha koleo lile kwenye ulimi. Tangu hapo naamini kwamba mwili wangu haushiki ganzi. Nimejifungua mara mbili kwa njia ya kawaida na mara zote mbili nikashonwa, na sikuogopa hata nusu ya ninavyoliogopa jino hili.

Nyumbani kila mtu ana neno lake. Mume wangu anasema nichague nusu kaputi, nilale na kuamka mambo yameisha. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, ananisihi nikatae, kwa sababu kijijini kwao kuna mama aliyelazwa usingizi akafanyiwa upasuaji na hakuamka tena. Mwalimu mwenzangu yeye amenishauri ninunue vidonge viwili vya diazepamu kwenye duka la dawa, nivimeze asubuhi ile, niende nimetulia. Dada yangu naye aliwahi kupigwa moyo vibaya baada ya sindano ya ganzi, akaambiwa ana mzio nayo, na nasikia ndani ya ganzi huwa kuna kitu kinachopandisha presha. Mimi presha ilinipanda katika ujauzito wa mwisho, nikatumia vidonge, lakini mwezi uliopita nilipima nikiwa situmii dawa yoyote ikawa 130 kwa 85.

Naomba unisaidie. Je, ganzi itanishika? Kati ya njia hizi tatu ipi inanifaa? Presha yangu si kikwazo? Na mtoto nitamnyonyesha vipi?

Mwalimu, Morogoro

*

Marahaba, Mwalimu. Pole kwa ufizi, na pole zaidi kwa siku ile ya koleo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona ni vyema nianzie hapo hapo kwenye koleo, kwa sababu uamuzi wako wote umesimama juu ya jambo lililokupata ukiwa na miaka 11 na ambalo hakuna mtu aliyewahi kukueleza.

Mwili wako haukuikataa ganzi. Siku ile shavu lako lilikuwa na jipu, na mahali penye usaha nyama za mwili huwa na tindikali kuliko kawaida. Lignokaini, dawa ya ganzi inayotumika zaidi katika kliniki zetu, huwa ndani ya kichupa ikiwa katika hali isiyoweza kupenya ukuta wa mshipa wa fahamu. Ikishaingia mwilini, sehemu yake hubadilika, na sehemu hiyo ndiyo inayopenya na kuyazuia maumivu. Penye tindikali nyingi sehemu inayobadilika huwa ndogo mno, kwa hiyo dawa ipo mahali pake lakini kazi yake haionekani. Daktari anayelijua hilo huchoma sindano mbali na jipu, mahali ambapo mshipa wa fahamu unapita katika nyama iliyo salama, au hulitoboa jipu usaha utoke, au hutibu uambukizo kwanza na kung'oa baadaye. Ndiyo maana sasa ulipewa antibiotiki na kupangiwa siku ya mbele badala ya kung'olewa gego kinywa kikiwa kimekaza, na hilo linanipa imani na daktari wako hata kabla sijajua lolote jingine juu yake.

Kosa la pili la siku ile lilikuwa haraka. Mfupa wa taya la chini ni mgumu na dawa haipenyi kirahisi, kwa hiyo sindano huelekezwa nyuma kabisa ya kinywa, upande wa ndani wa taya, pale mshipa mkubwa wa fahamu unapoingia mfupani. Hapo tunasubiri dakika tatu hadi tano, na kwa wengine hadi kumi. Mifupa ya watu haifanani, na hata mkono uliozoea hupakosa mahali penyewe mara kwa mara. Ukipakosa unarudia, au unaongeza ganzi kandokando ya jino. Mtoto anayepiga kelele baada ya sindano anampa daktari taarifa ya kitabibu, na wewe ulistahili kusikilizwa siku ile. Nalisema hili bila kupunguza neno, kwa sababu nimewapokea watu wazima wengi wanaotetemeka kwenye kiti changu, na wengi wao, ukiwauliza, hufika kwenye siku moja ya utotoni ambapo waliambiwa wanadeka.

Nawe mwenyewe umeniandikia ushahidi bila kuukusudia. Ulishonwa mara mbili baada ya kujifungua. Dawa inayochomwa kwa kazi hiyo kwa kawaida ni lignokaini ile ile, na wewe hukuniandikia kwamba ulisikia kila mchomo wa uzi. Mwili unaoshika ganzi pale utaishika na kinywani, maadamu hakuna usaha na maadamu tunasubiri.

Sasa nikutenganishie mambo mawili ambayo katika barua yako yamefungwa pamoja, yaani maumivu na hofu. Ganzi ni dawa ya maumivu. Dawa ya kutuliza ni dawa ya hofu, na peke yake haizuii maumivu ya kung'oa jino. Nusu kaputi ni kwa upasuaji ambao mtu hawezi kufanyiwa akiwa macho, ama kwa ukubwa wake, ama kwa hali ya mgonjwa mwenyewe. Tena katika njia zote tatu ganzi itachomwa: hata mgonjwa aliyelazwa usingizi mzito tunamchoma ganzi kabla ya kugusa ufizi, ili mwili wake usishtuke kwa maumivu na ili akiamka asiamkie ndani ya maumivu. Kwa hiyo mumeo asidhani kwamba nusu kaputi inakuepusha na sindano hiyo. Inakuepusha na kuiona tu.

Nikueleze ganzi peke yake itakavyokuwa, maana kisichojulikana ndicho kinachotisha. Ufizi unaweza kupakwa kwanza jeli ya ganzi. Sindano yenyewe utaihisi, hasa ikisukumwa haraka, kwa hiyo mwombe daktari aisukume polepole. Baada ya muda mdomo wa chini wa upande ule utaanza kusisimka kama mguu uliokaliwa, kisha utahisi kana kwamba umevimba hadi katikati ya kidevu, ingawa ukijitazama kwenye kioo utauona uko vile vile. Nusu ya ulimi nayo italegea. Hapo daktari anatakiwa kugusa ufizi kwa chombo chenye ncha, upande wenye ganzi na upande usio na ganzi, nawe umwambie tofauti. Ukihisi umeguswa lakini hujachomwa, ganzi imeshika. Kwa kuwa gego lako limelala, litakatwa vipande kwa mashine, na sauti ya mashine hiyo utaisikia ndani ya fuvu. Utahisi pia mgandamizo na kusukumwa kwa taya, kwa sababu ganzi huzima hisia ya maumivu mapema na kwa nguvu zaidi kuliko hisia ya kusukumwa. Wengi wakihisi mgandamizo hudhani ganzi imeisha, wanakaza mwili wote wakisubiri maumivu ambayo hayaji. Kubalianeni mapema kwamba ukiinua mkono wa kushoto daktari anaondoa vyombo kinywani bila kuuliza. Mwombe mjaribu kabla ya kuanza: inua mkono, uone anasimama.

Na maumivu yakija kweli, dawa inaongezwa. Kichupa kimoja cha mililita 1.8 cha lignokaini ya asilimia 2 kina miligramu 36. Hata tukifuata kikomo cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 60 anaweza kupewa vichupa saba, na gego moja mara nyingi huhitaji viwili au vitatu. Nafasi ya kuongeza ipo ya kutosha, na asikuambie mtu kwamba ganzi imekwisha kibarua chake na sasa uvumilie.

Kuhusu presha na kisa cha dada yako. Ndani ya kichupa huchanganywa adrenalini kidogo mno, mara nyingi sehemu moja kwa 80,000 au kwa 100,000, ili mishipa ya damu ya mahali pale ibane, damu ipungue na ganzi ikae muda mrefu zaidi. Ikiingia kwa bahati mbaya kwenye mshipa wa damu, moyo hudunda kwa kasi dakika chache na mikono kutetemeka. Ndiyo sababu daktari huvuta nyuma bomba la sindano kidogo kabla ya kusukuma dawa, aone kama damu inaingia. Mambo kama yaliyompata dada yako mara nyingi hutokana na adrenalini hiyo, au na hofu yenyewe, na hupewa jina la mzio ambao haupo. Mzio wa kweli wa lignokaini ni nadra sana, nao huja kwa vipele, kuvimba uso au kubanwa kifua. Dada yako angefaa kuchunguzwa na daktari kabla jina hilo halijamfuata maisha yote na kumnyima ganzi siku atakapoihitaji. Kwa upande wako, presha ya 130 kwa 85 haizuii ganzi yenye adrenalini kwa kiasi cha kawaida. Presha itapimwa asubuhi ile, na ikikutwa imefika 180 kwa 110 kazi itaahirishwa, kwa kuwa gego lisilo na dharura linaweza kusubiri. Mweleze tu daktari habari ya ujauzito, usiifiche kwa kuhofia kurudishwa. Mtu anayeumia kwa ganzi iliyokosea, au anayetetemeka kwa hofu, mwili wake humwaga adrenalini yake mwenyewe, na hiyo ndiyo inayopandisha presha zaidi.

Njia ya pili, ganzi na dawa ya kutuliza. Dawa inayotumika zaidi ni midazolamu, inayopitishwa polepole kwenye kanula, yaani mrija mwembamba wa mshipani, iliyowekwa nyuma ya kiganja, kidogo kidogo, daktari akisubiri dakika mbili tatu kati ya kipimo na kipimo. Utasikia ukiitwa jina, utafungua kinywa ukiambiwa, lakini mambo yatakuwa kama yanatokea chumba cha pili, na sehemu kubwa hutaikumbuka. Ukishatulia ndipo ganzi inachomwa. Kwa mtu mwenye kumbukumbu kama yako, hii ni dawa iliyolenga penye kidonda. Lakini inapooza pia pumzi, hasa ikizidishwa, na mpaka kati ya kutulia na kulala ni mwembamba: aliyetulizwa hujibu anapoitwa, na asipojibu ameshavuka mpaka huo.

Kwa hiyo kabla ya kuikubali muulize daktari, bila kuona haya, ni nani atakayekuwa akitazama pumzi yako wakati yeye ameinamia kinywa chako. Lazima awe mtu mwingine, mwenye ujuzi, asiye na kazi nyingine yoyote kwa dakika hizo. Uliza kama utabanwa kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni ya damu, kama oksijeni yenyewe iko chumbani, na kama flumazenili, dawa inayobatilisha midazolamu, ipo karibu. Nina msimamo mkali katika hili: mahali ambapo daktari mmoja anakuchoma dawa ya kutuliza na yeye huyo huyo anang'oa, usikubali, hata kama bei ni nafuu na hata kama amekwisha kufanya hivyo mara mia. Afadhali ganzi peke yake kwa daktari mwenye subira. Kuna pia hospitali chache zenye gesi ya nitrasi oksaidi, ambayo wengine huijua kama gesi ya kuchekesha. Huvutwa puani, hutuliza hofu, na hutoka mwilini dakika chache baada ya kuvua barakoa. Ukiambiwa ipo, ni chaguo zuri kwa mama anayenyonyesha.

Vidonge vya diazepamu vya duka la dawa, mwambie mwalimu mwenzako asante lakini hapana. Ukivimeza nyumbani hakuna atakayejua vimekufikisha wapi, utapanda daladala ukiyumba, na vikikutana na midazolamu hospitalini pumzi yako inaweza kushuka kuliko daktari alivyokusudia. Tena diazepamu hukaa mwilini siku nyingi na kuingia kwenye maziwa, na mtoto wa miezi minane anaweza kulegea na kunyonya kwa uvivu.

Sasa nusu kaputi, ambayo imewagawa mumeo na mama mkwe. Jina lenyewe linatisha, na mama mkwe hajakosea kuiheshimu. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya mshipani, kisha mpira wa kupumulia hupitishwa puani hadi kwenye koo la hewa, kwa sababu kinywa ni uwanja wa daktari wa meno, na nyuma ya koo huweza kuwekwa shashi inayozuia damu na vipande vya jino visishuke, ambayo lazima ihesabiwe na kutolewa kabla ya kuamshwa. Kuanzia hapo pumzi yako iko mikononi mwa mtu mwingine. Hatari kubwa ya usingizi haimo katika dawa yenyewe bali katika pumzi isiyotazamwa, na hapa kwetu watazamaji ni wachache: shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi limependekeza angalau madaktari watano wa fani hiyo kwa kila watu 100,000, na nchi zetu za Afrika Mashariki ziko chini mno ya hapo, kazi kubwa ikibebwa na wauguzi na maafisa waliosomea usingizi, ambao wengi wao ni hodari kweli. Katika baadhi ya hospitali ndogo hutumika ketamini, dawa iliyookoa maisha ya wengi kwa kuwa haizimi pumzi kirahisi, lakini inaongeza mate, inapandisha presha, na wengine huamka nayo wakiwa wameona ndoto za kutisha. Kwa upasuaji wa kinywani, na kwa mtu aliyewahi kupanda presha, isingekuwa chaguo langu la kwanza.

Nusu kaputi ina watu wake: mtoto mdogo mwenye meno mengi mabovu, mtu mwenye ulemavu wa akili asiyeweza kukaa kitini, aliyevunjika taya, mwenye uvimbe mkubwa wa mfupa, au mtu ambaye hofu yake haikushikwa na dawa ya kutuliza. Hao wasiogopeshwe. Inafaa mama mkwe ajue pia kwamba waganga wa meno walichangia sana kuutambulisha usingizi wa upasuaji duniani: tarehe 11 Desemba 1844, katika mji wa Hartford nchini Marekani, daktari wa meno Horace Wells alivuta gesi ya nitrasi oksaidi na kung'olewa gego lake mwenyewe, na tarehe 16 Oktoba 1846 daktari mwingine wa meno, William Morton, akamlaza mgonjwa kwa etha, dawa ya usingizi ya kuvutwa, mbele ya madaktari wa upasuaji wa Boston. Wakati huo hapakuwa na ganzi ya sindano. Ilikuwa ama usingizi ama kushikwa miguu kama ulivyoshikwa wewe. Lignokaini ilitengenezwa Sweden mwaka 1943, na tangu iingie kwenye kliniki, mtu mwenye gego moja lililolala hana tena ulazima wa kulazwa usingizi ili kukwepa maumivu.

Nimesema gego moja kwa makusudi. Hukuniuliza, lakini la kulia halijawahi kukuuma. Nchini Uingereza, mwongozo wa taifa wa mwaka 2000 ulielekeza kwamba magego ya mwisho yaliyolala lakini hayana ugonjwa yasing'olewe kwa tahadhari tu, na mimi nakubaliana nao. Mrudie daktari na umwombe akuonyeshe kwenye picha: je, la kulia limelitoboa gego la mbele yake, lina uvimbe wa maji kwenye mfupa, linakusanya chakula? Kama lipo lolote kati ya hayo, ana haki, nalo litolewe. Kama hakuna, liacheni na mlipige picha baada ya muda. Hata yakihitaji kutoka yote mawili, nakushauri yatoke moja moja, kwa nafasi ya wiki tatu hivi, ili ubaki na upande wa kutafunia na usife ganzi pande zote mbili za ulimi kwa siku moja. Uamuzi huu unarahisisha ule mwingine, maana nusu saa au dakika arobaini kwa jino moja ni mzigo mwepesi ambao ganzi inaweza kuubeba.

Kwa hiyo, Mwalimu, mimi ningekuchagulia ganzi pamoja na midazolamu, kwa jino la kushoto peke yake, ikiwa tu majibu ya maswali yale kuhusu mtazamaji, oksijeni na flumazenili ni ndiyo. Ikiwa hospitali yako haina mtu wa kukutazama, chagua ganzi peke yake, umsimulie daktari kisa cha jipu neno kwa neno kama ulivyonisimulia, mkubaliane juu ya mkono wa kushoto, na uombe uwe mgonjwa wa kwanza asubuhi ili usikae kwenye benchi ukisikia wenzako. Nusu kaputi iache, isipokuwa daktari aone kwenye picha jambo ambalo mimi sijaliona. Suala la gharama liulize mapema kwa bima yako, kwa kuwa chumba cha upasuaji hugharimu mara kadhaa zaidi ya kiti cha kliniki.

Kuna jambo ambalo wagonjwa hulichanganya kila siku. Ukienda kwa ganzi peke yake, kula vizuri kabla ya kutoka nyumbani. Njaa ikikutana na hofu mtu huzimia kitini, na wengi huja wamefunga wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Ukienda kwa dawa ya kutuliza ya mshipani au nusu kaputi, fuata utakachoambiwa na hospitali, na kwa kawaida ni saa sita bila chakula na saa mbili bila hata maji. Kwa miadi ya saa mbili asubuhi, chakula chako cha mwisho kiwe kabla ya saa nane usiku, na maji matupu hadi saa kumi na mbili alfajiri. Chai ya maziwa ni chakula, na uji ni chakula. Usidanganye katika hili, kwa sababu kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu mtu akiwa hana nguvu za kukohoa.

Mtoto mnyonyeshe muda mfupi kabla ya kutoka, ukamue maziwa ya mlo mmoja au miwili yaachwe nyumbani. Baada ya midazolamu ya mara moja huhitaji kumwaga maziwa: mwongozo wa chama cha madaktari wa usingizi cha Uingereza wa mwaka 2020 unaruhusu mama anyonyeshe mara anapokuwa macho na akili imetulia. Lignokaini nayo haina tatizo. Kwa maumivu tumia parasetamoli na ibuprofeni kwa kiasi utakachoandikiwa, na dozi ya kwanza imeze kabla ganzi haijaisha, yaani ndani ya saa mbili tatu; ukiandikiwa dawa yenye kodeini au tramadoli, mkumbushe daktari kwamba unanyonyesha, kwa sababu hizo zinaweza kupooza pumzi ya mtoto. Usinywe chai ya moto mdomo ukiwa bado umekufa ganzi, utajiunguza bila kujua. Ganzi ya mdomo kwa kawaida huachia baada ya saa tatu hadi tano, na kesho yake asubuhi mdomo ukiwa bado umekufa, mjulishe daktari siku hiyo hiyo, kwa maana mizizi ya gego hili hupakana na mshipa wa fahamu.

Mumeo akufuate hospitalini na kukurudisha, usiendeshe chochote wala kusaini karatasi yoyote ya maana kwa saa 24. Mama mkwe mwombe alale na mtoto usiku ule, kwa sababu usingizi wako utakuwa mzito kuliko kawaida na si salama mlale naye kitanda kimoja. Mtoto akiamka kutaka ziwa, akuletee, ukae kitako, naye akae kando yako mpaka amalize kunyonya.